Kofia juu ya Usukani

Kabla ya kuingia chini ya gari, fundi wetu wa Faza alivua kofia yake na kuiweka juu ya usukani. Ilikuwa kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, safi kila siku ya Mungu, hata pale kikoi chake kilipolowa oili hadi magotini. Kisiwa kizima cha Pate kilijua maana yake: mikono ya mtu imo ndani ya injini, asiguse mtu ufunguo. Nimewahi kuona gari likikaa siku mbili na kofia ile juu ya usukani, mwenyewe akilizunguka kama paka anayenyatia samaki wa moto, asithubutu hata kufungua mlango.

Siku nilipoiona mara ya kwanza nilimwuliza kwa nini asichomoe ufunguo tu akautia mfukoni.

"Ufunguo una mwenzake," alisema kutoka chini ya gari. "Kofia yangu haina."

Nilimwambia kwamba mwenye ufunguo wa pili anaweza pia kuiondoa kofia.

"Aweza. Hajaiondoa."

"Kwa nini?"

Akajiburuta, akatoa kichwa. "Huyu ni binti wa nani huyu? Huyu ni Bi Kwanini." Jina hilo lilifika mjini kabla mimi sijafika nyumbani kula chakula cha mchana.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya kemia, na kazi ya ualimu ilikuwa haijatoka. Sikuweza kukaa. Niliamka, nikazunguka ua, nikabishana na mama kuhusu dawa ya meno, nikabishana na redio, nikatoka. Miguu ilinipeleka kwenye banda la fundi kwa sababu gari la mama lilikuwa huko mara kwa mara, na gari lile ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi.

Lilikuwa stesheni wagoni nyeupe, iliyokwisha kutumika sana Mombasa kabla ya kuvushwa kwetu juu ya mbao mbili ndani ya mashua, magurudumu yamefungwa kamba kama miguu ya ng'ombe wa kuchinjwa. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka yangu Athmani ndiye aliyeliendesha, akibeba walimu, wagonjwa na akina mama wenye ndoo za samaki kati ya Kizingitini, Faza na gati ya Mtangawanda. Sisi sote pale nyumbani, pamoja na wadogo zetu wawili walioko shule, tulikula kutoka kwenye injini ile. Ikifa, nyingine ya karibu iko Mombasa, na hatukuwa na uwezo wa kuifuata. Kwa hiyo kila nilipobishana na fundi juu ya gari, nilijua kinachowekwa rehani ni sahani ya mama.

Banda lake lilikuwa la mabati na makuti, pembeni mwa njia inayoshuka bandarini. Injini za mashua zilikaa kushoto, pikipiki katikati, magari machache ya kisiwa kulia, na kila upande alikuwa mtu mwingine. Injini za mashua alizitukana. Alizitukana kwa ufundi, ukoo kwa ukoo, mpaka wavuvi wazima walijiinamia. Kisha alisema "Astaghfirullah" kwa kila tusi, akihesabu kwa vidole vyeusi ili asipunje. Akihamia kulia, kwenye magari, sauti ilishuka. Aliyasemesha kama wageni wa heshima: hebu sogea kidogo, samahani, hapa patauma.

"Kwa nini gari hulitukani?"

"Mashua imezaliwa hapa, imezoea. Gari ni mgeni kwenye nti hii. Mgeni hatukanwi."

Nilimweleza kwamba chuma hakina masikio. Akajibu kwamba hata yeye hana uhakika, lakini hajaona hasara ya adabu.

Kusikiliza injini alitumia mwiko. Mwiko wa pilau hasa, mrefu, wa jikoni kwa mkewe. Kichwa cha mwiko alikigusisha kwenye injini inayonguruma, na ncha ya mpini akaitia sikioni, akafumba macho. Mkewe akipita njiani hakuacha kupaza sauti: "Bwana we! Mwiko wangu! Wageni wa Ijumaa wamekula pilau ya dizeli!" Naye, bila kuondoa sikio: "Walirudia sahani, Bi. Mbona walirudia?"

Siku moja alinipa mimi mwiko. Nikaanza kumweleza jinsi sauti inavyosafiri ndani ya mti kwa wepesi kuliko hewani. "Wayua muno," alisema, kwamba najua mno. "Haya, sikiliza." Nikasikiliza. "Wasikia nini?" Nikamwambia nasikia kelele. Akauchukua mwiko wake taratibu. "Basi elimu imefika mlangoni mwa sikio. Haijabisha hodi."

Neno lake kubwa lilikuwa "siyui", yaani sijui. Alilitamka kama watu wengine wanavyotamka bei, wazi, bila haya. Afisa mmoja mgeni alileta gari lake akitaka aambiwe papo hapo ubovu uko wapi.

"Siyui," fundi akasema.

"Fundi gani wewe usiyejua?"

"Fundi asiyejua kabla ya kufungua. Wako wanaojua kabla. Gari lako limepita kwa wangapi hao?"

Lilikuwa limepita kwa watatu. Fundi akampa taa aishike, na yule bwana akasimama saa nzima na suti yake, mkono umenyooka, akielekezwa: juu kidogo, kushoto, usitikise.

Mimi "siyui" ile ilinikera. Niliiona kama uvivu uliovaa kanzu. Chuoni nilikuwa nimefunzwa kuhoji, na nilihoji: methali, hirizi, waganga, wanasiasa, dawa za kuongeza nguvu, hotuba za maharusi. Nilisema "si kweli" mara kumi kabla ya kusema "sijui" mara moja, na nilidhani maneno hayo mawili ni kitu kimoja.

Simu yake ilikuwa kioo kilichopasuka, lakini alikuwa na video nyingi za mafundi wa nchi za mbali ambao hakuelewa lugha zao. Aliziangalia bila sauti. Nilipomwuliza, alisema mdomo wa fundi hauna maana, yeye anatizama mikono. "Huyu hapa mwongo," aliniambia siku moja, akimwonyesha kijana mmoja aliyekuwa akifungua injini kwa mbwembwe. "Tizama. Spana yashika nati iliyokwisha legezwa." Nikarudisha video nyuma. Ilikuwa kweli.

Kisha palikuwa na hesabu yake ya bamvua. Bamvua ni ule wakati maji yanapojaa kupita kiasi na kutoka kupita kiasi, mara mbili kwa mwezi, mwandamo na mwezi mpevu. Kwetu hata asiyekwenda baharini hujua bamvua iko lini, kwa sababu mashua za mizigo huisubiri. Fundi alikuwa akibadilisha oili kwa bamvua. Gari: bamvua mbili. Filta: bamvua nne. Kwenye nguzo ya banda kila gari lilikuwa na safu yake ya alama za chaki. Hakuangalia kilomita hata mara moja. Nilipoliona hilo nilicheka hadi nikakaa kitako. Injini ya kisasa kupangiwa oili kwa mwezi wa angani! Nilikuwa nimepata hirizi nyingine ya kuvunja.

Ndipo nilipoleta oili ya sintetiki.

Nilikuwa nimesoma kuihusu kwa wiki mbili, na nilimshawishi Athmani aiagize kutoka Lamu. Niliiweka galoni mbele ya fundi nikaanza somo: kwamba hii imetengenezwa, si ya kuchujwa tu, kwamba molekuli zake zinalingana, kwamba inastahimili joto, haigeuki tope upesi, na inakaa muda mrefu. Alifungua kifuniko, akanusa.

"Haina harufu."

"Ni safi, ndiyo maana."

"Mtu asiye na harufu simwelewi. Huenda ameoga. Huenda ameficha."

Alikataa kuitia. Hakukataa kwa hasira. Alikaa juu ya gurudumu kuukuu, akafuta mikono kidole kimoja kimoja, akaniuliza kama nimeingia nyumba za mawe za Lamu mjini. Nimeingia. "Ukuta wa zamani ukiukwangua chokaa upate kuona jiwe, mvua ya kwanza waiona sebuleni. Gari hili limekunywa oili za watu siwayui. Uchafu wake wa ndani ndio chokaa yake. Oili yako itaukwangua. Litavuja."

"Chokaa haikuzuia mvua, Bwana Fundi. Ilificha ufa tu. Oili haiwezi kutoboa sili ya mpira iliyo nzima. Ikivuja, basi sili ilikuwa imekufa zamani, na uchafu ndio uliokuwa ukitudanganya."

Pikipiki mbili zilipita. Nilitazamia methali.

"Hilo," alisema, "ni neno."

Akaifanya kazi, lakini kwa njia yake. Alivua kofia, akaiweka juu ya usukani, akafungua bakuli la oili lililo chini ya injini. Ndani mlikuwa na tope jeusi zito kama halua iliyoungua. Akalikomba kwa kijiko. Kile kichujio cha waya kinachonyonya oili kilikuwa kimezibwa nusu, na hapo hata mimi niliyekuwa nasema "ibadilishe tu" nilipata baridi. Tungeimimina ile oili mpya juu ya lile tope, lingelegea lote kwa pamoja na kuziba nusu iliyobaki. Fundi akakitoa kichujio. Akakiosha. Akatia oili ya kawaida, gari likatembea siku tatu, akaimwaga. Ndipo akatia ya kwangu. Akatandika kanzu kuukuu nyeupe chini ya injini, akasema tukutane kesho.

Asubuhi kanzu ilikuwa na matone matatu, upande wa nyuma. Vijana wa pikipiki walikuwa wamekusanyika, maana wote walijua juu ya mabishano yetu, na mmoja alikwisha anza: "Haya, Bi Kwanini! Kwa nini?" Fundi akamnyamazisha kwa mkono. Akashusha gia boksi, akaitoa ile sili ya nyuma, pete ya mpira inayozuia oili, akaipinda mbele yetu. Ilikuwa ngumu kama kwato, na ufa wake ulikuwa wa zamani, umejaa oili iliyoganda.

"Ufa si wa yeo," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Bi Kwanini asema kweli. Mimi nilikosea."

Alitia sili mpya. Kesho yake kanzu ilikuwa nyeupe. Akaitundika kwenye nguzo ya banda, ikakaa hapo wiki kadhaa kama bendera yangu.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mzuri. Lakini ushindi ulinipanda kichwani. Kwenye galoni paliandikwa kwamba oili ile inakwenda kilomita elfu kumi. Fundi alipochukua chaki aandike alama ya bamvua kwenye nguzo, nilimzuia.

"Hii haina bamvua. Soma hapa. Kilomita elfu kumi."

"Injini haijui kusoma."

"Mita inasoma."

"Mita yahesabu ndia. Injini yahesabu pumzi." Akaweka chaki chini, akanieleza kwa subira kwamba kwetu gari halitembei, linatambaa. Mchanga, gia ya kwanza, gia ya pili, mchanga tena, kusimama Kizingitini injini ikinguruma huku akina mama wakipakia ndoo. Kilomita moja ya hapa, alisema, pengine ni tatu za barabara ya lami. Na bamvua haihusiani na mwezi wa angani. Siku za bamvua mashua huja, magari hufanya safari nyingi. Kwa hiyo kati ya bamvua na bamvua kazi ya injini ni ileile, mwaka mzima.

Sasa nikiliandika hili naona lilivyo wazi. Siku ile nilisikia mzee anayetetea chaki yake.

"Una ushahidi? Ni tatu, au mbili, au nne?"

"Siyui bado."

"Basi," nilisema, na nilisema mbele ya vijana wote wa pikipiki, "mwezi uachie wavuvi, Bwana Fundi, oili utuachie sisi tuliosoma."

Wakacheka. Yeye pia alitabasamu. Akaenda kwenye usukani, akachukua kofia yake, akaivaa, akaingia ndani. Nikabandika karatasi chini ya boneti kwa mkono wangu: oili isiguswe mpaka mita isome hivi. Nikamwapisha Athmani. Mama alisema, "Lakini mwanangu, fundi naye ana uzoefu," nikamjibu kwamba uzoefu ni kosa lililorudiwa mara nyingi. Mama alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyepanda mnazi na sasa yuko juu.

Wiki chache baadaye kazi yangu ilitoka, shule ya upande wa bara, mbele ya Mokowe. Nilifundisha, nikasahihisha, sikulala vizuri. Kila Jumamosi nilimpigia Athmani simu.

"Kilomita ngapi?"

"Elfu mbili na kitu."

"Taa ya oili imewaka?"

"Haijawaka, Bi Mkubwa. Salamu kwanza?"

Elfu nne. Elfu saba. Mwezi wa kumi tangu tuitie oili ile, mita ilifika elfu kumi. Injini nzima, haitoi moshi, hailii. Niliandika ujumbe mrefu kwenye kundi la simu la watu wa Faza na Kizingitini, na picha ya mita. Niliandika kwamba majaribio yamethibitisha. Nilitumia neno hilo, majaribio, kwa wingi, ilhali gari lilikuwa moja na sikuwa nimeliona kwa miezi. Watu walinipongeza. Sikuona neno lolote kutoka kwa fundi, nikafasiri kimya hicho nilivyopenda.

Bwana Lali wa Kizingitini alikuwa na pikapu ya kubebea barafu na kamba wa mawe. Alikuwa msomaji wangu mwaminifu. Alikuwa ametia oili ileile mwezi mmoja baada yetu, akabandika karatasi ileile chini ya boneti, na ujumbe wangu ukampa moyo wa kusubiri. Nilikuwa darasani simu ilipotetemeka. "Mwalimu, injini imekufa. Kilomita elfu nane. Nilifuata yote uliyoandika." Hakuongeza neno la lawama. Ningependa angeongeza. Nilisikia baadaye kwamba gari lilikwama kwenye mchanga kabla ya kufika gati, barafu ikayeyuka kidogo kidogo njiani, na kamba wote wakaharibika.

Nikaomba ruhusa. Boti ya Mokowe, boti ya Mtangawanda, pikipiki. Njia nzima nilifanya hesabu kichwani, nikizigeuza hivi na hivi. Oili ileile. Mchanga uleule. Ya mama ilifika elfu kumi, ya Lali ikafa elfu nane. Kwa nini? Sikwenda nyumbani. Nilishuka mbele ya banda na begi langu mgongoni.

Fundi alikuwa amezeeka kwa ghafla, kama watu wanavyozeeka usipokuwepo. Jicho moja lilikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa njiani. Amekaa chini kwenye turubai, injini ya Bwana Lali imezagaa mbele yake vipande vipande, akivitambua kwa vidole. Hakuniuliza mimi ni nani. Hatua zangu, nadhani, zilikuwa na haraka yake.

"Bi Kwanini. Keti."

"Sikai. Niambie, Bwana Fundi. Ya Lali imekufa na ya mama haikufa. Kwa nini?"

Alitia mkono chini ya benchi akavuta kreti. Ndani mlikuwa na chupa ndogo za soda, safu kwa safu, kila moja imefungwa utepe wa kitambaa shingoni, na utepe una mafundo. Fundo moja, mawili, matatu, mpaka ishirini na matatu. Ndani ya kila chupa matone machache ya oili. Ya kwanza rangi ya asali. Ya pili chai. Zikaenda zikikoza mpaka ya sita, nyeusi, nzito, inayochelewa kuteremka ukiinamisha chupa. Ya saba ilikuwa asali tena.

Nilikaa.

"Kila bamvua Athmani alipita hapa," alisema. "Nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikapaka kidoleni, nikatia matone chupani. Bamvua ya pili nilidhani itakuwa imekufa. Ilikuwa hai. Ya tatu hai. Ya tano hai, wallahi nilishangaa. Ya sita imechoka. Nikaibadili kwa oili ileile, nikaanza tena. Mara tatu nimeibadili. Kila mara ni bamvua ya sita."

"Kwa hiyo haikufika elfu kumi."

"Athmani asoma mita, asema yafika elfu tatu na kidogo. Oili yako njema, mwanangu. Ile yangu ya zamani ilikwenda bamvua mbili. Yako sita. Hapo nilikosea tena."

Mtu huyu alikuwa amefanya majaribio. Mimi nilikuwa nimesoma galoni. Mimi niliyehoji hirizi na hotuba za maharusi, kile kijiti cha oili sikukichomoa hata siku moja. Niliuliza mita, niliuliza taa, kila kitu kilichoandikwa nilikiuliza.

"Athmani alijua."

"Alikuwa akileta gari."

"Mama?"

"Bi Zuhura ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema una mitihani ya wanafunzi, na ukiambiwa utavuka maji usiku."

Nilitaka kucheka, sikuweza, kwa sababu pistoni ya Bwana Lali ilikuwa mbele yangu, imekwaruzwa kama ubao uliopitishwa juu ya mwamba. "Wewe huogopi kusema kweli," nilimwambia. "Ulimwambia afisa ukweli, ulijisuta mbele ya vijana. Mimi umenidanganya karibu mwaka. Kwa nini?"

Alishika nati, akaizungusha, akaiweka.

"Ulinicheka mbele ya watu," alisema. "Nikasema na acheke, gari la mjane lisife. Hilo la kwanza halinisumbui. La pili lanisumbua. Uliandika ule ujumbe wako, vijana wakanisomea hapa. Siku ile ndiyo niliyopaswa kusema. Nikanyamaza. Nilikuwa nangoja," alitafuta neno, "nilikuwa nangoja uye uniulize wewe. Na Bwana Lali amenipita kwenye ndia hii mara mbili na pikapu yake, nikamwitikia salamu, nikadhani yuwatizama kijiti. Hakutizama. Oili ilipungua hadi hapana, na karatasi yako yamwambia asiguse."

Tukakaa, kila mmoja na sehemu yake ya kosa. Nilimwuliza kama injini ya Lali inaweza kupona. "Siyui," alisema. "Nafungua." Lakini nilikuwa nimeona alivyopanga vipande, na niliona pistoni mbili kutoka injini nyingine zimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa ameshaanza. Bwana Lali hakuwa ameombwa chochote.

"Toa simu," akasema. "Andika."

Niliandika nikimsomea. Kwamba gari la mama halikufika kilomita elfu kumi kwa oili moja. Kwamba oili ilibadilishwa mara tatu bila mimi kujua. Kwamba kwa njia zetu za mchanga ni kilomita elfu tatu, au bamvua sita, na kijiti kichomolewe kila wiki. Nikasita.

"Hujaandika nani alificha."

"Si lazima."

"Andika: fundi alificha."

Nikaandika. Kisha nikaongeza, bila kuambiwa, kwamba mimi mwenyewe sikupima, nilisoma tu, na kwamba Bwana Lali alifuata karatasi yangu. Nikatuma. Simu ikaanza kutetemeka juu ya turubai, jibu juu ya jibu. Sikuigusa.

Nje likasimama gari la mama. Athmani alikuwa na abiria wa kuwahisha boti ya Mtangawanda, na mama mwenyewe kakaa mbele, kajifunga mtandio wa safari, anakwenda kliniki Lamu. Aliponiona ndani ya banda na ile kreti ya chupa, alifunika mdomo kwa mkono. Sikujua kama anacheka.

"Kesho kutwa ni bamvua," fundi alisema akiinuka kwa kushika nguzo. "Ya sita. Itafika Mtangawanda na kurudi, au tuimwage sasa? Mato yangu yameingia ukungu, rangi siioni tena. Tizama wewe."

Athmani alizima injini, akashuka, akafungua boneti. "Upesi, boti haingoji." Karatasi yangu bado ilikuwa imebandikwa pale, kingo zimekunjika kwa moto wa injini. Nilichomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Kiasi kilitosha. Nikapaka tone kwenye kidole gumba na cha shahada, nikasugua. Nyeusi, lakini weusi peke yake hausemi kitu. Ilikuwa laini au ilianza kukwaruza? Nikasugua tena. Abiria mmoja alipiga mluzi. Athmani akarudi kwenye kiti chake, mkono ukaenda kwenye ufunguo.

"Ikoje?" fundi aliuliza.

Niliangalia mama nyuma ya kioo. "Sijui," nilisema. "Bado."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akapapasa ubavu wa gari mpaka mlango wa dereva, akavua kofia yake, kichwa kikabaki wazi mbele ya watu wote, akaiweka juu ya usukani. Athmani akaondoa mkono. Nikainama tena ndani ya boneti.